Kufungua laptopu mezani kwako: mwongozo kamili wa kubadilisha betri, diski, RAM na kusafisha feni

Mwalimu mmoja, jirani yangu hapa Tabata, alinigongea mlango Jumamosi asubuhi akiwa ameikumbatia laptopu iliyofungwa kwenye khanga. "Kaka, nimeambiwa imekufa, ninunue nyingine. Hebu iangalie na wewe kabla sijaingia kwenye mkopo." Ndani ya khanga kulikuwa na ThinkPad T480 ya Lenovo, toleo la mwaka 2018, moja ya zile mashine zilizofanya kazi maofisini huko Ulaya na Marekani, zikauzwa kwa jumla, zikaishia kwenye makabati ya kioo ya Kariakoo. Ilichukua dakika sita kuwaka. Feni ilivuma muda wote, na kila alipofika katikati ya kujaza alama za wanafunzi mashine ilijizima yenyewe.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa na magonjwa matatu, yote ya vitu vinavyotoka na kuingia kwa bisibisi: diski ya kuzunguka iliyochoka, betri ya ndani iliyokwisha, na vumbi lililoziba njia ya hewa. Wiki moja baadaye, kwenye meza yangu ya chakula, tulivimaliza vyote na kuongeza RAM, kumbukumbu ambayo mashine hufanyia kazi ikiwa imewaka. Nitaifuata mashine hiyo hiyo hatua kwa hatua, maana T480 ni darasa zuri kwa anayeanza: vipuri vyake vinapatikana, inafunguka bila kulazimishwa sana, na ukishaizoea hutapotea ndani ya HP EliteBook au Dell Latitude za rika lake.

Laptopu nyingi ninazoletewa zikiwa zimeharibikia nyumbani zilifunguliwa na mtu ambaye hakuwa anajua anatafuta nini. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu inapita kabla skrubu ya kwanza haijaguswa.

Jua inaumwa wapi

Ukisema "inaganda" hujataja ugonjwa bado. Anza na diski. Washa mashine, iache itulie dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye dirisha litakalofunguka, tazama safu ya diski. Ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 wakati hufanyi chochote, na ndani kuna diski ya kuzunguka, mchawi umeshamwona. Diski ya namna hiyo husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde inapokuwa na faili moja kubwa mbele yake, lakini kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na hapo kasi yake huporomoka. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ikiwa ya aina ya SATA hufika karibu megabaiti 550, na mafaili madogo hayaisumbui.

Pakua pia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Ya mwalimu ilionyesha rangi ya njano: sehemu kadhaa za diski zilishindwa kusomeka na diski ilikuwa imeanza kuzikwepa. Ukiona hivyo, acha kila kitu. Nakili kazi zako siku hiyo hiyo, matengenezo yatafuata.

Sasa betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows itaandika ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Humo tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki leo. T480 ina betri mbili, ndogo ya ndani na nyingine ya nyuma inayochomoka bila kufungua mashine. Ile ya ndani ilizaliwa na mWh 24,000 hivi. Sasa ilikuwa inabeba 9,800. Hiyo ni asilimia 41. Mimi ikishuka chini ya 50 huibadilisha. Ya nyuma ilikuwa na 80, tukaiacha.

Kuna dalili moja ya betri isiyohitaji ripoti. Ukiona padi ya kugusa imekuwa ngumu kubonyea, kava la chini limetuna, au laptopu inayumba mezani wakati zamani ilikaa sawa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena hata kwa dakika moja. Seli za lithiamu zilizovimba zikitobolewa na bisibisi hushika moto, na moto wake ni mkali na una moshi wa sumu. Kama hujawahi kufungua laptopu, kazi hiyo mpe mwenye uzoefu.

Mwisho pima joto. Programu ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi joto za prosesa, ubongo wa mashine. Ikipita 90 huku umefungua ukurasa mmoja tu wa maandishi, hewa haipiti. Weka kiganja kwenye tundu la hewa: ukisikia feni inavuma kwa nguvu lakini kiganja hakipati upepo wa maana, njia imezibwa. Mashine iliyopata joto kupita kiasi hujizima ili isiungue, na hicho ndicho kilichokuwa kinamkatia mwalimu kazi yake.

Yapo ya kuyaacha. Laptopu iliyomwagikiwa chai au maji, isiyoonyesha uhai hata ukiichomeka chaja nzima, au inayonuka kuungua, ina tatizo la bodi kuu. Hiyo inataka hadubini, mashine ya hewa moto na fundi aliyesomea bodi. Vilevile kuna mashine ambazo vipuri vyake vimechomelewa: kwenye MacBook za chipu ya M1 iliyotoka Novemba 2020 na zilizofuata huwezi kuongeza RAM, na ThinkPad X1 Carbon nayo RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Hakikisha kabla hujanunua kitu.

Na jiulize kama mashine inastahili pesa hiyo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache mno, inaanzia Intel za kizazi cha 8. T480 ya mwalimu iko ndani ya mstari huo. Prosesa yake ya i5-8250U ina viini 4, wakati za aina hiyo za kizazi kilichotangulia zilikuwa na 2. T470, pacha wake kwa sura, imebaki nje. Sisemi T470 itupwe. Ikiwekewa SSD na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inafanya kazi za ofisi vizuri tu, lakini ni vema ujue kabla ya kuingiza pesa.

Kipuri sahihi

Kila mtengenezaji mkubwa huweka mwongozo wa mafundi wa kila modeli kwenye tovuti yake, bure. Tafuta jina kamili la modeli yako pamoja na maneno Hardware Maintenance Manual kwa Lenovo, Maintenance and Service Guide kwa HP, au Service Manual kwa Dell. Humo mna michoro ya skrubu zote na namba za vipuri. Kwenye lebo ya kipuri chenyewe Lenovo huandika FRU, HP huandika Spare, Dell huandika DP/N. Namba hiyo ndiyo unayompa muuzaji. Ukimwambia "nataka betri ya ThinkPad" umempa ruhusa ya kukupa yoyote iliyopo rafu ya karibu.

RAM ya laptopu huitwa SODIMM, na mkato ulio kwenye meno yake haulingani kati ya DDR3L na DDR4. Ikigoma kuingia, usiisukume. Umenunua aina nyingine. T480 ina nafasi mbili za DDR4 na inakubali rasmi hadi GB 32. Ya mwalimu ilikuwa na kipande kimoja cha GB 8, tukaongeza kingine cha GB 8. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba, na prosesa inayotengeneza yenyewe picha za kwenye kioo kama hii inanufaika zaidi kuliko kwa kipande kimoja kikubwa.

Kwenye SSD ndiko watu wengi wanakopoteza pesa. Ipo ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, inayokaa pale pale ilipokuwa diski ya zamani. Ipo pia M.2, kipande chembamba kama jojo. Ile ya 2280 maana yake upana milimita 22 na urefu milimita 80. Lakini M.2 ni umbo tu. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe, njia mbili tofauti za diski kuzungumza na mashine, na nafasi inayokubali moja si lazima ikubali nyingine. Mwongozo wa modeli yako ndio unaojua. Kwenye T480 yenye diski ya inchi 2.5, ukitaka NVMe unahitaji na adapta yake. Kwa mtu wa kuandika, kujaza alama na kuingia intaneti, tofauti kati ya SATA na NVMe haionekani sana kwa jicho, kwa hiyo tulichukua SATA ya GB 500 na kumwachia mwalimu pesa ya adapta.

Miaka michache nyuma niliuziwa SSD iliyoandikwa TB 1 kwa bei iliyonifurahisha. Ilipokea mafaili yote niliyoinakilia, na nilipoyafungua wiki iliyofuata, picha zote zilizopita kiasi fulani zilikuwa zimeharibika. Ndani ilikuwa ndogo, programu yake ikadanganya ukubwa. Tangu hapo kila diski mpya naipitisha kwanza kwenye H2testw, programu ya bure inayoijaza mpaka mwisho na kusoma tena kilichoandikwa. Inachukua masaa. Dai risiti yenye siku za kurudisha, fanya jaribio usiku ule ule.

Kabla ya bisibisi: kazi zako

Nakala ya kwanza ya mafaili huwekwa kwenye diski ya nje au mtandaoni, na unafungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye hiyo nakala kuhakikisha yanafunguka. Bila hivyo huna nakala, una matumaini.

Kisha tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofanya mafaili yasisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za ofisi zinayo, na mpya nyingi hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi, au zima BitLocker na usubiri imalize kufungua diski. Nimeona mtu akilia kwa sababu ya hatua hii.

Kuhamia SSD kuna njia mbili. Unaweza kunakili diski nzima kama ilivyo kwa Clonezilla, ukiwa umeweka SSD mpya kwenye kasha la USB, mradi SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Au unaweka Windows mpya kutoka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft ya Media Creation Tool. Kwa diski inayoumwa mimi huchagua njia ya pili, kwa sababu kuinakili nzima ni kuikimbiza farasi anayechechemea. Leseni ya Windows iliyokwisha kuamilishwa hukaa na bodi kuu, hivyo kubadilisha diski hakukulazimishi kununua nyingine. Unganisha intaneti, itajitambua.

Meza

Bisibisi ya nyota saizi PH0 na PH00, zenye ncha ambazo hazijalika. Ncha iliyolika hukata kichwa cha skrubu, na kuitoa skrubu hiyo ni kazi ya siku nzima. Kipande cha plastiki cha kutenganishia kava, au kadi ya zamani ya benki. Kibanio chembamba, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, pamba ya masikio, na kijibomba cha pesti ya kupozea prosesa. Taa ya kutosha. Meza ya mbao, si kitanda wala zulia.

Umeme tuli wa mwili hauonekani lakini unaua RAM. Hapa pwani, kwa unyevu wetu, hatari ni ndogo kuliko Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, ila tabia ni moja kila mahali: gusa chuma cha dirisha au bomba kabla ya kushika kipuri, shika vipande pembeni, usitembee tembee ukiwa nacho mkononi.

Chukua karatasi nyeupe, chora umbo la laptopu ikiwa imelala kifudifudi, na kila skrubu unayoitoa ibandike kwa tepu pale pale ilipotoka. Hili lilinigharimu. Kwenye laptopu moja niliirudisha skrubu ya milimita 6 kwenye tundu la milimita 3. Ilipanda bila kelele na kuinua kiduara kidogo kama chunusi juu ya kava la viganja, karibu na padi. Haikuwa yangu. Kava lile nililinunua mimi.

Kukata umeme

Kwenye T480 betri ya ndani huzimwa kabla hujafungua. Chomoa chaja, washa mashine, bonyeza F1 mfululizo mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Nenda Config, kisha Power, kisha Disable Built-in Battery, kubali. Mashine itajizima. Usiichomeke chaja tena mpaka umalize, kwa sababu chaja ndiyo inayoiamsha betri. Kama BIOS inadai nywila usiyoijua, mashine ilitoka ofisini na kufuli lake, na kutoa betri ya sarafu hakuliondoi kufuli hilo kwenye ThinkPad. Likague siku ya kununua, dukani.

Kwenye modeli zisizo na chaguo hilo, plagi ya betri ndiyo kitu cha kwanza kuchomolewa kava likishatoka, kabla ya kingine chochote. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki kwenye bodi. Acha mashine ipoe dakika tano.

Kufungua kava

Geuza T480, sukuma vishikizo viwili, toa betri ya nyuma. Toa kadi yoyote iliyochomekwa ubavuni; ikisahaulika hushika kava na kuvunjika nalo. Skrubu za kava la chini hazitoki kabisa, zimeshikiliwa na kava lenyewe. Zilegeze zote mpaka usikie kila moja inazunguka bure. Modeli nyingine hutoa skrubu zote, na baadhi huzificha chini ya miguu ya mpira.

Ingiza ukingo wa plastiki kwenye mwanya, sukuma kidogo, zungusha. Utasikia vishikizo vikiachia kimoja kimoja, tk, tk, tk. Fuata ukingo wote. Kona ikigoma, usiongeze nguvu: rudi utafute skrubu uliyoisahau. Karibu kila kava lililopasuka nililoliona lilipasuka pembeni ya skrubu moja ambayo haikulegezwa.

Piga picha ya ndani kabla hujagusa kitu. Picha ya pili karibu na kila plagi.

Betri ya ndani, kisha diski, kisha RAM

Betri ya ndani imeshikwa kwa skrubu. Zitoe, inyanyue taratibu bila kuipinda, angalia plagi yake inaelekea wapi na uiachie kwa upande huo huo. Kwenye modeli zenye plagi ya waya, usivute waya. Sukuma plagi yenyewe kwa kucha, kulia na kushoto kidogo kidogo. Nyingine zimebandikwa kwa gundi: matone machache ya spiriti pembeni, subiri dakika mbili, tumia plastiki bapa, kamwe si bisibisi. Betri mpya linganisha na ya zamani: namba, volti, umbo la plagi. Irudishe mwisho wa kazi yote, si sasa.

Diski iko ndani ya fremu yake ya chuma. Inyanyue pamoja na fremu, tenganisha na waya wake bapa, toa diski, weka SSD ikiangalia upande ule ule. Waya huo bapa ni mwembamba kama filimu. Ukiukunja kwa ncha kali utavunjika ndani bila kuonyesha, na mashine itaiona diski leo kesho isiione. Ukiweka M.2, ingiza kwa mteremko wa kama nyuzi 30, ibonyeze ilale, kaza skrubu yake ndogo kwa vidole viwili tu.

RAM ni kazi ya dakika moja. Tanua vishikizo viwili vya pembeni, kipande kitainuka chenyewe. Kipya linganisha mkato na jino la nafasi, ingiza kwa mteremko mpaka meno ya dhahabu yawe yamezama karibu yote, kisha bonyeza chini. Lazima vishikizo vyote viwili viitike. Kikiitika kimoja, toa uanze upya.

Feni na pesti

Hapa ndipo pa kutulia. Ukitazama feni kwa juu unaweza kudhani ni safi, kwa sababu vumbi linalozuia hewa halikai kwenye mapanga. Linakaa ndani, pale feni inapokutana na mapezi ya shaba, na kwa nje halionekani. Kwa mwalimu lilikuwa limeshikana likawa kama pamba ya godoro, jeusi kidogo kwa vumbi la chaki na barabara, nikalitoa kwa kibanio likiwa kipande kimoja chenye urefu wa kidole cha mwisho.

Kwenye T480 feni na bomba la shaba ni kitu kimoja. Chomoa plagi ya feni. Juu ya prosesa kuna skrubu zenye namba. Zilegeze kidogo kidogo kwa zamu kufuata namba zake, si moja mpaka mwisho halafu nyingine. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani: kile kioo kinachong'aa ndicho chipu yenyewe, na bomba likiegemea upande mmoja linaweza kumegua kona yake. Likigoma kuinuka, lizungushe kidogo sana kushoto na kulia, pesti ya zamani imekauka tu.

Futa pesti ya zamani kwa pamba yenye spiriti, kwenye chipu na kwenye shaba, mpaka uone sura ya taa ikiakisi. Brashi mapezi. Ukipuliza feni kwa hewa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke, kwa sababu yakikimbizwa na upepo hula beringi yake na kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele, ipakae nyembamba ifunike kioo chote. Ikizidi hutoka pembeni na haipozi zaidi. Rudisha bomba likishuka wima, kaza kwa zamu zile zile, chomeka plagi ya feni. Hiyo plagi ndiyo watu husahau. ThinkPad itakuandikia Fan error na kujizima.

Kibodi, kioo na betri ya sarafu

Kwenye T480 kibodi hushikwa na skrubu mbili kutoka chini, kisha husukumwa upande wa kioo milimita chache kabla ya kuinuka. Chini yake kuna waya bapa. Plagi zake zina kope ndogo: inua kope kwanza kwa ukucha, waya utatoka bila kuvutwa. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kibodi iliyoyeyushiwa pini za plastiki kwenye kava. Hizo ni nafuu kununua kava zima likiwa na kibodi yake.

Kioo kikiwa cheusi, kabla hujanunua kingine unganisha laptopu na televisheni kwa HDMI, na mulika tochi ya simu kwa ubavu juu ya kioo. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ndiyo imekufa. Ukinunua, linganisha namba iliyo nyuma ya kioo na idadi ya pini, 30 au 40. Usichomoe wala kuchomeka waya wa kioo betri ikiwa imeunganishwa. Fyuzi ya taa huungua kwa cheche ndogo tu.

Saa ikirudi nyuma kila ukizima, ni betri ya sarafu, nyingi zikiwa CR2032 za volti 3.

Kufunga na kujaribu

Rudisha betri, hesabu skrubu kwenye karatasi, usifunge kava lote bado. Chomeka chaja, washa. Baada ya kuongeza RAM kioo kinaweza kukaa cheusi dakika moja au zaidi huku mashine ikijifunza kumbukumbu mpya. Subiri. Watu wengi huizima hapa na kudhani wameiua. Ikipita dakika tano, zima, toa RAM mpya, ijaribu ya zamani peke yake.

Ingia BIOS kwa F1 uhakikishe GB 16 na SSD vinaonekana. F12 inakupa orodha ya kuchagua flashi ya kuweka Windows. Ikiwaka, andika mdsched kwenye Command Prompt ili Windows ipime RAM, fungua tena HWiNFO, cheza video nusu saa. Ya mwalimu ilikuwa inapita nyuzi 90. Sasa ilitulia kwenye sitini na kitu, na ikawaka kwa sekunde 18. Ndipo tukabana kava, tk, tk, tk, kuzunguka kote.

Betri ya zamani ziba sehemu zake za chuma kwa tepu, iweke mbali na jua na watoto mpaka utakapoipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Jalalani itatobolewa na kijiko cha gari la taka. Diski ya zamani bado ina maisha ya mtu ndani yake. Ile ya mwalimu ilikuwa na alama za miaka mitatu na picha za mazishi ya baba yake, ambazo tulizinakili Jumamosi ile ya kwanza. Niliitia kwenye bahasha, nikaandika tarehe juu yake, akaifunga kwenye khanga pamoja na mashine.